Edma Morisot, mchoraji wa ridhaa: ridhaa ya nani?

Kila mwaka mwezi Mei, Jumapili ya Siku ya Akina Mama, kuna picha moja inayozunguka kwenye simu zetu. Mwanamke kijana ameketi kando ya kitanda cha mtoto mchanga. Shavu lake limelalia kiganja cha mkono wa kushoto, shingoni ana utepe mweusi, na mkono wa kulia umeshika ukingo wa pazia jepesi jeupe linalomfunika mtoto. Mara ya mwisho niliipokea kutoka kwa ndugu watatu tofauti siku hiyohiyo, na wote waliisindikiza kwa maneno ya kumshukuru mama. Mchoro huo ni Le Berceau, kazi ya Berthe Morisot ya mwaka 1872, na leo uko Makumbusho ya Orsay jijini Paris. Mwaka 2024 Orsay waliadhimisha miaka 150 ya maonyesho ya kwanza ya kundi la Impreshonisti, wachoraji wa Ufaransa walioacha kanuni za zamani za uchoraji, na tangu hapo michoro ya kundi hilo imesambaa upya, huu ukiwa mmojawapo wa inayopendwa zaidi.

Mwanamke huyo ana jina. Ni Edma, dada yake Berthe, na mtoto aliyelala ni binti yake Blanche. Edma mwenyewe alikuwa mchoraji. Kwa zaidi ya miaka kumi alisimama mbele ya turubai bega kwa bega na mdogo wake, chini ya walimu walewale, katika chumba kilekile, na kazi zao zilipokelewa kwa mara ya kwanza katika maonyesho rasmi ya Salon ya Paris mwaka mmoja, 1864. Tangu maadhimisho yale watu wameanza kumtaja, na hilo nalifurahia. Kinachonisumbua ni namna anavyotajwa. Wapo wanaosema alikuwa binti wa watu wenye nafasi aliyechora kwa kujifurahisha, akaolewa, akaacha, yakaisha. Wengine wanasema alikuwa kipaji kikubwa kuliko Berthe, kikauawa na ndoa. Nadhani hadithi zote mbili zinapita kando yake. Edma alikuwa nusu ya karakana ya watu wawili. Tukimwita mchoraji wa ridhaa tunaeleza nani alimpa ruhusa, nafasi na muda, na kwa kiasi gani. Kuhusu uwezo wa mkono wake, neno hilo halituambii kitu.

Neno lenyewe lastahili kutazamwa. Wafaransa humwita mtu wa namna hii kwa neno linalotokana na kupenda, yaani anafanya kwa sababu anapenda. Sisi tumechagua njia nyingine. Tuna ngumi za ridhaa na ngumi za kulipwa, soka la ridhaa na soka la kulipwa. Ridhaa ni kukubali kwa moyo bila kushurutishwa wala kulipwa. Lakini ni neno hilohilo tunalolitumia tunapozungumzia ndoa, tiba, au mkataba, na huko kote swali la kwanza ni nani ameridhia. Kiswahili kimeweka upendo wa kazi na ruhusa ya kuifanya ndani ya neno moja. Kwa maisha ya Edma sijui neno linalofaa zaidi.

Alizaliwa Valenciennes, kaskazini mwa Ufaransa, mwaka 1839. Dada yao mkubwa Yves alimtangulia kwa mwaka mmoja, Berthe akafuata mwaka 1841, kisha mdogo wao wa kiume, Tiburce. Baba yao alikuwa mkuu wa mkoa wa serikali, mtu wa kuhamishwa hapa na pale, na kwa upande wa mama familia ilijivunia undugu na Jean-Honoré Fragonard, mchoraji maarufu wa karne ya 18. Mwaka 1857, familia ikiwa imetua Passy pembeni mwa Paris, mama aliwatafutia mabinti watatu mwalimu wa kuchora. Kusudi lilikuwa dogo tu: kila mmoja amwandalie baba mchoro kama zawadi ya sikukuu yake. Mwalimu wa kwanza, Chocarne, aliwachosha. Yves aliachia hapo. Edma na Berthe walitaka kuendelea, wakapelekwa kwa Joseph Guichard, na Guichard, baada ya kuwaona wakifanya kazi, alimwendea mama yao na onyo ambalo limesimuliwa mara nyingi. Alimwambia kwamba kwa silika za mabinti hawa, mafunzo yake hayatazaa ujuzi mdogo wa kupamba sebule. Watakuwa wachoraji kweli, na katika tabaka lao jambo hilo litakuwa mapinduzi, karibu aseme ni janga. Akamuuliza kama anaelewa maana yake.

Mama alielewa na akaendelea kulipa ada. Ni jambo kubwa, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Shule ya taifa ya sanaa, École des Beaux-Arts, haikuwapokea wanawake hadi mwaka 1897. Binti aliyetaka kujifunza alihitaji mzazi wa kumlipia mwalimu binafsi na mtu wa kumsindikiza kila atokapo. Tangu mwaka 1858 dada hao walikwenda makumbusho ya Louvre jijini Paris kunakili kazi za mabingwa wa zamani, na hawakwenda peke yao hata siku moja, maana binti wa heshima zao hakutoka bila mtu mzima. Walipochoka kunakili na kutaka kuchora nje, chini ya jua, Guichard aliwaelekeza kwa Camille Corot, bingwa wa mandhari. Corot akawa mgeni wa nyumbani na kuketi nao mezani. Baadaye baba alijenga studio bustanini, nyumbani kwao mtaa wa Franklin. Tukihesabu ada za walimu, rangi za mafuta, safari za mashambani wakati wa kiangazi na chumba kilichojengwa mahususi, tunaona familia iliyoridhia kwa mfuko wake. Ila ridhaa hiyo ilikuwa ya wazazi, nao wangeweza kuiondoa siku yoyote.

Kazi za Edma zilizobaki ni chache mno. Ya thamani kuliko zote ni picha ya mdogo wake aliyoichora karibu mwaka 1865, ambayo imebaki mikononi mwa watu binafsi. Berthe amesimama mbele ya turubai, brashi mkononi, kibao cha rangi mkono wa pili. Nyuma yake ni giza tupu, na mwanga umeachwa uangukie uso na mikono, pale kazi inapofanyika. Hatabasamu wala hatutazami. Macho yako kwenye kile anachokichora, mdomo umefungwa, na uso una utulivu wa mtu ambaye hataki kusemeshwa. Linganisha na namna wanaume walivyomchora Berthe. Mchoraji Édouard Manet alimchora mara nyingi, akiwa na feni, akiwa na kofia, akiwa na shada la maua ya zambarau kifuani, na katika picha zote hizo hakumpa brashi hata mara moja. Edma alimwona akiwa kazini kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa kazini, hatua chache tu kutoka hapo. Hiyo si picha ya mtu anayepoteza muda hadi posa ije.

Hadithi ya kwanza, ile ya binti aliyejifurahisha, ndiyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo iliyodumu zaidi. Ushahidi wake ni mmoja tu, kwamba aliacha. Lakini kuacha hakuelezi kilichoachwa. Mtu wa kujifurahisha hakai miaka 12 chini ya walimu wagumu. Hapeleki kazi mbele ya jopo la Salon, ambalo mwaka mmoja kabla yake, 1863, lilikataa kazi nyingi kiasi kwamba Mfalme Napoleon wa Tatu aliagiza yafanyike maonyesho ya pembeni kwa waliokataliwa. Katika kipindi cha 1864 hadi 1868 kazi za Edma zilipokelewa Salon zaidi ya mara moja. Kisha ziko barua. Edma aliolewa tarehe 8 Machi 1869, akiwa na umri wa miaka 29, na Adolphe Pontillon, ofisa wa jeshi la majini, akahamia naye Lorient, mji wa bandari katika pwani ya Brittany. Hazikupita wiki nyingi akamwandikia Berthe kwamba mara nyingi mawazo yake yako kwake, kwamba anajiona yumo ndani ya studio, na angependa kuchomoka japo kwa robo saa tu akavute hewa ile waliyoishi ndani yake kwa miaka mingi. Robo saa! Anayeomba robo saa ya harufu ya rangi anajua alichokipoteza.

Hadithi ya pili, ile ya ndoa kuua kipaji, ina nguvu zaidi, na nakiri kwamba kwa muda mrefu nami niliishika. Ina mwathirika na mkosaji, inaeleweka haraka, na kuna ukweli ndani yake. Lakini haiwezi kumweleza Berthe. Berthe naye aliolewa, Desemba 1874, na Eugène Manet, mdogo wake Édouard. Akazaa mtoto, Julie, mwaka 1878. Katika maonyesho manane ya Impreshonisti kati ya 1874 na 1886 alikosa moja tu, la 1879, miezi michache baada ya uzazi. Kama ndoa peke yake ndiyo sumu, sumu hiyo ilimpitaje dada mmoja na kumwangusha mwingine? Wapo watakaojibu kwamba waume walitofautiana, na ni kweli kwamba Eugène alikuwa msaada wa ajabu. Yeye mwenyewe alichora kidogo bila kujitangaza, na mwaka 1882, Berthe akiwa Nice, ndiye aliyebaki Paris kusimamia kutundikwa kwa kazi za mkewe kwenye maonyesho. Pontillon naye, hata hivyo, hakuwa mgeni kwa wachoraji. Alifahamiana na Édouard Manet tangu ujana wao, Manet aliposafiri kwa meli hadi Rio de Janeiro.

Tofauti kubwa naiona katika mambo ya kawaida kabisa ambayo hayapendezi kusimuliwa. Kutoka Paris hadi Lorient ni kilomita zipatazo 500. Huko hakukuwa na Louvre ya kwenda asubuhi, wala Corot wa kumwonyesha kazi, wala jioni za wachoraji nyumbani kwa mama. Zaidi ya yote, hakukuwa na mtu wa pili chumbani. Berthe alipoolewa alikuwa na umri wa miaka 33, jina lake lilikwishajulikana, mfanyabiashara wa sanaa Paul Durand-Ruel alikwishanunua kazi zake, na alibaki Paris katika mzunguko uleule wa watu. Edma aliolewa miaka mitano na miezi kadhaa kabla ya hapo, wakati msingi ulikuwa umekwishachimbwa na ukuta bado. Ungewabadilishia mahali na tarehe, sijui kama leo tungekuwa tunamtafuta Edma au Berthe.

Na hapo ndipo nisipokubaliana na wanaotaka kumpandisha Edma juu ya mdogo wake. Husimuliwa kwamba Corot alipendelea kazi za Edma, na watu hulidaka hilo kama hukumu ya mwisho. Lakini haohao wanaosimulia husema pia kwamba Edma alimfuata mwalimu kwa utiifu zaidi, na Berthe alikuwa mbishi, mwenye haraka, asiyetosheka. Mwalimu kumpenda mwanafunzi anayemfuata ni jambo la kawaida. Kwa kazi chache zilizobaki, na Berthe mwenyewe akiwa aliharibu sehemu kubwa ya kazi zake za ujanani, mashindano haya hayana uwanja wa kuchezewa. Tena yanarudisha kosa lilelile kwa mlango wa nyuma: yanadai kwamba Edma astahili kukumbukwa iwapo tu alikuwa bora kuliko aliyefanikiwa.

Hoja iliyobaki ndiyo nzito kuliko zote, na haitoki upande wowote kati ya hizo mbili. Ni kwamba Edma alichagua. Alikuwa mtu mzima, aliona njia zote mbili, akamridhia Pontillon, akazaa, akaishi hadi 1921. Sisi ni nani kumhurumia? Berthe mwenyewe alimwambia karibu maneno hayo. Mwaka huohuo wa 1869 alimwandikia dada yake kwamba wakiendelea hivi hawatafaa kitu. Wewe unalia ukisoma barua zangu, na mimi nimelia asubuhi hii. Akamwambia kwamba huko kuchora anakokulilia ndiko chanzo cha huzuni nyingi na taabu nyingi, kwamba yeye Edma amepata mume anayempenda kwa moyo wote, asiilaani bahati yake, maana upweke ni jambo la kusikitisha. Nimeirudia barua hiyo mara nyingi na bado inanichoma. Anayesema ni mwanamke wa miaka 28 aliyebaki na studio peke yake, na anamwambia aliyeondoka kwamba aliyebaki hakupata kitu cha kuonewa wivu.

Kwa hiyo naiheshimu hoja ya uchaguzi. Sitaki kumnyang'anya Edma ridhaa yake kwa kisingizio cha kumtetea. Lakini ridhaa hupimwa pia kwa kilichowekwa mezani. Édouard Manet alioa mwaka 1863. Mchoraji mwenzake Monet alioa mwaka 1870. Hakuna aliyewauliza ni lini wataweka brashi chini ili nyumba isimame. Kwa Edma mambo hayo mawili, nyumba na kazi, yaliletwa kama mizani yenye vitanga viwili, ukiinua hiki kile kinashuka. Agosti 1868, baada ya mchoraji Henri Fantin-Latour kumtambulisha kwa dada hao, Manet alimwandikia rafiki yake huyo kwamba mabinti wa Morisot wanapendeza, ni bahati mbaya tu kwamba si wanaume. Akaongeza kwamba kama wanawake wangeweza kuisaidia sanaa kwa kuolewa kila mmoja na mzee wa chuo cha sanaa, wakawagombanishe wazee hao. Aliyesema hivyo si adui. Ni rafiki aliyewakubali kuliko wengi, na hata yeye, alipowaza watu hawa wawili wangeifanyia nini sanaa, wazo lililomjia ni la kuolewa. Miezi saba baadaye Edma akaolewa, ingawa na mwanamaji. Ukichagua katika chumba ambacho hata marafiki zako wanaona mlango mmoja, umechagua, lakini chumba hicho hukukijenga wewe.

Kuna jambo ambalo hoja zote hizi hulipita mbio, nami nataka kukaa nalo. Tangu 1857 hadi 1869 hawa walikuwa wawili. Binti mmoja wa tabaka lile akitaka kuwa mchoraji ni kituko, lakini dada wawili wakichora pamoja ni desturi ya nyumbani inayovumilika. Mmoja humlinda mwenzake dhidi ya maneno, wanasindikizana, wanajifunza pamoja, na kila mmoja ana modeli asiyelipwa. Edma alimpa Berthe kitu ambacho wanaume wa umri wao walikipata katika karakana za walimu wakubwa: mwenzako aliye kwenye kiwango chako, anayeona kosa lako kabla hujaliona. Edma alipoondoka, Berthe alivurugika. Barua za 1869 zimejaa malalamiko kwamba kazi haiendi. Kisha, kiangazi cha mwaka huohuo, akamfuata dada yake Lorient, na huko mkono wake ukafunguka.

Kazi iliyozaliwa huko ni mandhari ya bandari ya Lorient, turubai dogo ambalo leo liko National Gallery of Art, Washington. Maji ya rangi ya fedha yamejaa katikati, mashua zimetia nanga, na upande wa kulia, juu ya ukuta mfupi wa mawe, ameketi mwanamke wa gauni jeupe aliyeshika mwavuli wa jua. Ni Edma. Manet alipouona aliusifu sana, hata Berthe akampa. Katika makumbusho hayohayo kuna mchoro mwingine wa mwaka huo: Edma ndani ya nyumba, kwenye kiti, gauni jeupe tena, mlango wa roshani uko wazi nyuma yake na nyumba za upande wa pili zinaonekana. Hatazami nje. Ameinamisha macho kwenye feni anayoichezea mikononi. Sitaki kuilazimisha picha iseme nisichokijua, lakini siwezi kuitazama mikono ile bila kukumbuka ilishika nini mwaka mmoja nyuma. Mwaka 1870 akafuata mchoro wa mama yao akisoma, na Edma kando yake akiwa na mimba ya mtoto wa kwanza. Ndio ule ambao Manet aliukaribia na brashi ili asaidie kidogo, akaanzia chini ya gauni la mama, akapanda hadi kichwani, na Berthe akabaki anatamani mchoro wake ukataliwe na Salon kuliko kupokelewa ukiwa hivyo. Basi hata aliyebaki studio hakuwa na ridhaa kamili juu ya turubai lake mwenyewe.

Ukizipanga picha hizo hadi Le Berceau ya 1872, unaona kwamba hatua kubwa ya Berthe kuelekea mtindo wake imepita juu ya mwili wa Edma akiwa ameketi. Naye hakuwa modeli wa kawaida. Alijua nuru inaingia upande gani, alijua mchoraji anahitaji nini na kwa muda gani, alijua kutulia. Tazama tena mkono wa kulia katika Le Berceau, unaosogeza lile pazia jepesi kati yetu na mtoto. Tazama mkono wa kushoto uliokunjwa na mkono mdogo wa mtoto uliokunjwa vilevile, kama mwangwi. Nani alipanga mkao huo? Wachambuzi humpa Berthe sifa yote, kwa kuwa jina lililo kwenye turubai ni lake. Mimi naona chumbani mle wachoraji wawili. Mchoro huo ulionyeshwa mwaka 1874 kwenye maonyesho ya kwanza ya Impreshonisti, katika studio ya zamani ya mpiga picha Nadar, haukupata mnunuzi, ukabaki kwenye familia hadi Louvre ilipoununua mwaka 1930. Edma alikuwa amefariki miaka tisa kabla.

Wanaotenganisha kwa ukali mchoraji wa ridhaa na mchoraji wa kazi wanapaswa pia kusoma cheti cha kifo cha Berthe. Alifariki Machi 1895. Alikuwa ameonyesha kazi mara saba na Impreshonisti. Katika mnada wa Hôtel Drouot mwaka 1875 mchoro wake mmoja ulipata faranga 480, bei iliyowashinda Monet na Renoir siku ile. Serikali ya Ufaransa ilikuwa imenunua kazi yake mwaka 1894. Cheti kikaandikwa kwamba hana kazi. Kwenye kaburi la Passy akaandikwa mjane wa Eugène Manet. Kwa daftari la serikali, basi, dada hawa wawili walikuwa sawasawa: wote wanawake wasio na kazi. Mpaka tunaouchora leo kati yao, huyu mkubwa na yule wa kujifurahisha, tumeuchora sisi baadaye, na tumeuchora kwa kutumia vitu vilivyobaki. Barua zao zilichapishwa mwaka 1950 na Denis Rouart, mjukuu wa Berthe. Ni zawadi kubwa, lakini maana yake ni kwamba sauti ya Edma imetufikia kupitia kabati la Berthe. Yeye ni dada anayeandikiwa.

Familia yenyewe haikukoma kuzalisha wachoraji. Paule Gobillard, binti ya Yves, yule dada aliyeacha darasa la kwanza, alifundishwa na mama yake mdogo Berthe na akachora maisha yake yote, bila kuolewa, hadi alipofariki mwaka 1946. Julie Manet naye alichora. Waandishi wa historia ya sanaa huwapanga hawa kama tanbihi za chini ya ukurasa wa Berthe. Mimi nadhani mpangilio ni kinyume. Berthe aliwezekana kwa sababu palikuwa na nyumba nzima inayochora, wengine kwa miaka 12, wengine kwa maisha, wengine kwa majaribio mawili tu. Nimekulia nyumba ambayo mama yangu mkubwa alitarizi foronya kwa maua ambayo hakuyaona popote ila kichwani mwake, na tulizilalia hadi zikachanika, bila mtu kufikiri kuweka hata moja. Kazi za ridhaa hupotea hivyo, kwa kutumiwa na kupendwa na kutoandikwa. Zinapopotea, anayebaki anaonekana kama aliota peke yake jangwani.

Ndiyo maana sitosheki na mtindo wa sasa wa kumwongeza Edma kwenye orodha ya wanawake waliosahauliwa, halafu kumwacha hapo. Orodha hiyo inaendelea kupima mtu mmoja mmoja, nani mkubwa, nani alidhulumiwa, na ndani yake Edma atakuwa wa mwisho daima kwa sababu kazi zake ni chache. Kama tunataka kumtendea haki, kinachopaswa kubadilika ni hesabu yenyewe: karakana ihesabiwe kwa watu wote waliokuwa ndani yake, pamoja na aliyelipia chumba, aliyesindikiza, aliyekaa kuchorwa na aliyesema hapa umekosea. Makumbusho yanaweza kuanza leo, kwenye kikaratasi kidogo cha maelezo ukutani. Mahali penye neno dada waandike Edma Pontillon, mchoraji, aliyeonyesha kazi Salon ya Paris. Na safari nyingine Le Berceau itakapotolewa kwa maonyesho makubwa, wamwombe mwenye ile picha ya 1865 awaazime, waitundike ukuta huohuo: upande mmoja Edma akimtazama mtoto wake, upande wa pili Berthe akiwa na brashi, kama Edma alivyomwona.